Nywele zinakua ila hazionekani: uchambuzi wa kujikunja kwa nywele za kipilipili

Katika saluni nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, hukumu hutolewa kwa dakika moja. Mteja anafumua rasta alizokaa nazo miezi miwili, anaoshwa kichwa, na nywele zilizokuwa zikivutwa zinafika shingoni zinapanda hadi usawa wa masikio kabla hazijakauka. Msusi anazishika na kusema: "Dada, nywele zako hazikui. Tuweke dawa tu." Mteja anakubali, maana macho yake mwenyewe yanamwambia vivyo hivyo.

Kwa wanawake wengi hukumu hiyo si ya kweli. Inachanganya mambo matatu yasiyofanana: nywele kujikunja, nywele kukatika na nywele kutoota. La kwanza ni umbile, la pili linatokana na matunzo, la tatu huenda ni ugonjwa. Kila moja lina njia yake ya kushughulikiwa, na la kwanza halihitaji tiba yoyote. Makala hii inayatenganisha mambo hayo matatu, kwa sababu naamini nywele nyingi zinazopotea vichwani mwa dada na mama zetu hupotea kwa kutibiwa kitu ambacho hakikuwa tatizo.

Umbo linaanzia ndani ya ngozi

Unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi ya kichwa. Kwa mwenye nywele za singa, kifuko hicho kimenyooka. Kwa mwenye nywele za kipilipili kimepinda, na hata kitako chake, pale unywele unapotengenezwa, kimegeukia upande. Unywele hutokeza juu ya ngozi ukiwa umeshapinda. Ukiukata na kuutazama kwa darubini, mkato wake umebapa, na muundo wa upande mmoja haulingani na wa upande wa pili. Ndiyo maana hakuna mafuta ya kupaka, hata ya bei gani, yanayoweza kuufanya unywele wa kipilipili uote umenyooka.

Mwili wa unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya aina kadhaa. Aina mbili ndizo zinazohusika zaidi hapa. Kuna vifungo vya salfa, ambavyo ni imara, havivunjwi na maji, na ndivyo vinavyotunza umbo la kuzaliwa. Kisha kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu lakini vingi mno. Hivi huachia unywele unapolowa na kujifunga upya unapokauka.

Nywele zikilowa, vifungo vya haidrojeni vilivyozishikilia jana zikiwa zimenyooka vinaachia. Zikiachwa zikauke zenyewe, zinarudi kwenye umbo linalotunzwa na salfa, yaani zinajikunja. Zikikaukia zikiwa zimevutwa, vifungo vya haidrojeni vinajifunga zikiwa katika hali hiyo, na zinabaki zimenyooka mpaka maji yaingie tena. Na maji hayo si lazima yatoke bombani. Jasho linatosha, mvuke wa jikoni unatosha, hata unyevu wa hewa unatosha. Nywele zilizonyooshwa Dodoma mwezi wa Agosti, hewa ikiwa kavu, zinaweza kukaa siku kadhaa. Nywele zizo hizo zikinyooshwa Mombasa au Dar wakati wa masika, zinaanza kurudi siku hiyohiyo. Kosa si la msusi wala la draya. Ni hewa ya Pwani inayofanya kazi yake.

Hesabu ya sentimita

Tuchukue unywele mmoja unaojizungusha kama waya wa simu ya mezani. Tuseme kila duara lake lina upana wa milimita 5, na kila unapokamilisha duara moja unakuwa umeshuka milimita 5. Mzingo wa duara hilo ni karibu milimita 15.7. Ukihesabu pamoja na ule mshuko, unywele umetumia takriban milimita 16.5 za urefu wake ili ushuke milimita 5 tu. Asilimia 70 ya urefu wote imefichwa ndani ya mizunguko. Mizunguko ikibanana zaidi, kinachofichwa kinazidi, ikiachana, kinapungua. Kwa hiyo watu wawili wenye nywele za urefu mmoja kabisa wanaweza kuonekana mmoja ana nywele za mabegani na mwingine ana nywele za masikioni.

Sasa tuweke kasi ya kukua. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn alichapisha katika jarida la British Journal of Dermatology vipimo vilivyoonyesha kwamba nywele za Waafrika aliowapima zilikua wastani wa mikroni 256 kwa siku, na za Wazungu mikroni 396. Kwa mwezi, hizo 256 ni kama milimita 8 hivi. Kwa mwaka ni zaidi kidogo ya sentimita 9. Ni kweli basi kwamba nywele zetu, kwa wastani, zinakwenda polepole kuliko za singa. Lakini sentimita 9 kwa mwaka ni ukuaji wa kutosha.

Rudisha hesabu ile ya duara. Miezi miwili ya kukua ni takriban milimita 16, yaani karibu duara moja tu, na duara moja linashusha nywele nusu sentimita. Mwaka mzima wa kukua unaonekana kwa macho kuwa chini ya sentimita 3. Jirani mwenye nywele za singa, kwa mwaka huohuo, anaona sentimita 14. Nywele hizi mbili zinatofautiana kwa kasi, hilo halikatai mtu, ila tofauti kubwa kabisa inayoonekana kwenye kioo inaletwa na umbo. Anayepima nywele za kipilipili kwa kuzitazama zikiwa zimejikunja anapima kitu kingine kabisa.

Kazi ya kujikunja

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Tina Lasisi walichapisha katika jarida la PNAS jaribio walilolifanya kwa sanamu ya mtu inayopashwa joto, katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Sanamu ilivishwa wigi za nywele halisi za binadamu: za singa, zenye mawimbi na za kipilipili. Ikaelekezewa taa zenye joto la kuigiza jua, ikapigwa upepo, na kichwa kikaloweshwa kuigiza jasho. Nywele zote zilipunguza joto la jua linalofika kwenye ngozi ya kichwa, lakini za kipilipili ndizo zilizopunguza zaidi, na ndizo zilizohitaji jasho kidogo zaidi ili kukipoza kichwa. Zinapojikunja hukaa juu ya ngozi bila kuilalia, zikaacha nafasi ya hewa kati ya jua na kichwa. Kwa mtu anayeishi karibu na ikweta, hiyo ni hifadhi ya kweli.

Kujikunja ni kipimo cha afya vilevile. Unywele mzima ukivutwa taratibu hunyumbuka, ukiachiwa hurudi. Mwenye nywele ambazo zamani zilikuwa zikijikunja kila zinapooshwa, na sasa zinabaki zimelala hata zikiwa zimelowa, asifurahi haraka. Aghalabu hizo ni nywele zilizoungua kwa pasi au draya, na keratini iliyoharibiwa na moto hairudi tena. Dawa yake ni mkasi na subira.

Gharama yake: mafundo

Ingekuwa si haki kusifia tu. Mwaka 2000 Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa nywele za Waafrika ambazo hazikuwa zimewekwa dawa, wakizilinganisha na za Wazungu na Waasia kwa darubini. Mafundo yalionekana katika asilimia 10 hadi 16 ya nywele za Waafrika. Kwa wengine yalikuwa asilimia 0.15. Ncha nyingi za nywele za Waafrika zilikuwa zimevunjika.

Sababu inaeleweka. Nywele zinazojikunja zinapishana, moja inapita ndani ya duara la nyingine, au inajipitia yenyewe na kufunga fundo. Kitana kikipita kwa nguvu, unywele unakatika pale pale kwenye fundo. Ongeza na ukavu: mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele wa mizunguko hayafiki nchani. Ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele, ndiyo iliyosuguliwa zaidi na nguo na mito, na ndiyo inayokosa mafuta.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Kujikunja kwenyewe hakupunguzi hata milimita moja ya nywele. Kinachozipunguza ni mafundo na ukavu ambao hufuatana na kujikunja kusikotunzwa. Anayenyoosha nywele zake mara kwa mara kwa njia ya upole ili zisifungane anafanya jambo la maana. Anayezinyoosha kwa moto au kemikali ili zionekane ndefu anaweza kuwa anaukata urefu uleule anaoutafuta.

Pima kwanza

Kabla ya kununua chochote, pima. Chagua sehemu nne: utosini, kisogoni na pande zote mbili juu ya masikio. Nywele zikiwa safi na zina unyevu kidogo, chukua fungu dogo kila sehemu, livute taratibu mpaka linyooke, pima kwa rula, andika. Rudia baada ya miezi mitatu, sehemu zilezile. Kwa kasi tuliyoitaja, tarajia nyongeza ya sentimita 2 hivi.

Nyongeza ikipatikana, nywele zako zinakua na zinadumu. Unachokiona kwenye kioo ni kujikunja tu. Isipopatikana, tazama nywele zinazobaki kwenye beseni na kitana. Unywele uliodondoka wenyewe huwa mrefu na una kitone cheupe upande mmoja. Ni kawaida kupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku. Ndiyo maana mtu akifumua rasta za miezi miwili hutoa bonge la nywele, ambalo kwa hesabu ya chini ni nyuzi 3,000. Nyuzi hizo zingedondoka kidogo kidogo kila siku kama zisingeshikwa na rasta. Vipande vifupi visivyo na kitone ni vya nywele zilizokatika, na hapo tatizo ni matunzo.

Kuna hali ya tatu. Nywele zikitoka kwa wingi na vitone vyake, utosi ukianza kuonekana, ngozi ikiwasha au kuuma, au sehemu ikibaki laini na inang'aa, muone daktari wa ngozi. Upungufu wa madini ya chuma, matatizo ya tezi la shingo na miezi ya baada ya kujifungua huweza kudondosha nywele. Upo pia upara unaoanzia utosini na kuacha kovu, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na ukichelewa hautibiki. Vilevile upo unaotokana na kusuka kwa kukaza mno, unaoanza kula nywele za mbele na za pembeni. Haya yote yanamhusu daktari. Msusi hawezi kuyamaliza kwa mafuta.

Njia za kunyoosha, kutoka ya upole hadi ya hatari

Njia kongwe na bora katika Afrika ni uzi. Msusi hugawa nywele safi, zenye unyevu bila kuchuruzika, katika mafungu. Uzi mweusi hufungwa shinani kwa kulegeza, kisha huzungushwa kushuka, mkono mmoja ukizungusha na mwingine ukilivuta fungu taratibu, hadi nchani, hapo unafungwa. Nywele zinakauka zikiwa zimeshikwa urefu wake wote. Asubuhi uzi ukifunguliwa, zimenyooka bila nyuzijoto hata moja ya moto. Katika Nigeria, ambako mpiga picha J.D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kuipiga picha mitindo ya nywele za wanawake, uzi ulikuwa sanaa kamili. Kwetu nao uliachwa kwa kuonekana ni wa kishamba na wa watoto, na hiyo ni hasara. Hakuna mashine inayozidi uzi kwa usalama, ilmradi shina lisikazwe.

Baada ya uzi kuna kusuka na kusokota. Mabutu makubwa, misokoto ya nyuzi mbili, hata mistari myepesi ya twende kilioni, vyote hunyoosha kwa kiasi fulani. Misokoto mikubwa hunyoosha shina zaidi, midogo hutoa mawimbi yanayodumu. Kanuni ni mbili: usifumue nywele zikiwa bado mbichi ndani, maana zitarudi mara moja, na usisokote nywele zinazochuruzika maji, kwa sababu zitajikunja ndani ya msokoto kabla ya kukauka. Njia nyingine ni kulifunga fungu la nywele kwa vitambaa laini au mipira iliyofunikwa kitambaa, kimoja kila baada ya sentimita chache kutoka shinani hadi nchani. Mipira mitupu ya kufungia noti hukata nywele.

Draya ya hewa ya uvuguvugu, kwenye nywele zilizokwishakauka kiasi na kupakwa kinga, si dhambi ikitumika mara moja moja. Pasi ya nywele ni jambo jingine. Nyingi hupita nyuzijoto 200, na zikikuta unywele wenye maji ndani, maji hayo hugeuka mvuke na kuuvunja kutoka ndani. Mwenye kuitumia ahakikishe nywele ni kavu kabisa na asirudie sehemu moja mara nyingi.

Dawa ya kunyoosha, hata ile ya kulainisha tu, inavunja vifungo vya salfa. Dawa nyingi za saluni zina hidroksidi ya sodiamu, kemikali ileile kali inayotumika kutengeneza sabuni, au jamaa zake. Sehemu iliyonyooshwa hairudi tena, shina jipya linaota limejikunja, na pale panapokutana vitu hivyo viwili ndipo nywele hukatika. Kuhusu afya, mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 waliripoti kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wasiozitumia: makadirio ya kuipata hadi umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05 dhidi ya 1.64. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kuwa dawa ndiyo iliyosababisha, na saratani hiyo bado si ya kawaida. Hata hivyo ni habari ambayo kila mteja anastahili kuisikia kabla kichwa chake hakijapakwa. Vivyo hivyo matibabu yanayouzwa kwa jina la keratini: baadhi yake, yakipashwa moto, hutoa gesi ya fomaldehaidi, ambayo imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Msusi anayeivuta kila siku yuko hatarini kuliko mteja wake.

Matunzo ya wiki kwa wiki

Osha nywele zikiwa zimegawanywa katika mabutu manne au sita, usizirundike utosini. Fumbua mafundo kwa vidole nywele zikiwa na kondishona, kuanzia nchani kupanda shinani, kisha pitisha kitana chenye meno mapana. Usichane nywele kavu. Unyevu uingie kwanza, mafuta yafuate ili kuufungia ndani. Mafuta ya nazi, ambayo Pwani hayajawahi kuwa adimu, yana ushahidi wa kimaabara: utafiti uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya petroli hayakulifanya.

Soma lebo za mafuta na jeli. Gliserini huvuta maji kutoka hewani. Wakati wa masika hurudisha nywele haraka, hivyo mwenye kutaka zikae zimenyooka aipunguze. Jeli nzito huchelewesha unyevu kuingia, haiuzuii. Bidhaa inayoahidi kuzuia kabisa nywele kujikunja bila kemikali inayovunja vifungo inaahidi kisichowezekana. Usiku, kusanya nywele juu kwa kulegeza au zirudishe kwenye mabutu, na ufunge kilemba cha satini, maana pamba ya foronya hunyonya unyevu na kusugua ncha.

Kuhusu mkasi, msisitize msusi akate nywele zikiwa kavu na zimevutwa. Sentimita 3 anazozipunguza "kidogo tu" ni karibu miezi minne ya kukua. Zikatwe kama ncha zimepasuka au zimejaa mafundo, zisikatwe kwa mazoea.

Na si lazima zinyooshwe kila wiki. Mtu anaweza kuzinyoosha ili kuzifumbua na kuzisuka, kisha akaziacha zijikunje siku zinazobaki. Nywele zilizosukwa mabutu au misokoto kwa wiki mbili zinapumzika na kitana, na hayo mapumziko ndiyo yanayozitunza ncha.

Ujuzi uliokatika

Swali linabaki: kwa nini wanawake wengi wazima hawayajui haya kuhusu vichwa vyao wenyewe? Sehemu ya jibu iko shuleni. Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, msichana hukatwa nywele fupi kuanzia darasa la kwanza hadi anapomaliza sekondari. Sababu za usafi na muda zinaeleweka. Matokeo yake ni kwamba binti anafika miaka 18 akiwa hajawahi kuosha, kufumbua wala kusuka nywele zake ndefu. Mwaka wa kwanza zinapoota, anakutana na kujikunja kwa mara ya kwanza, hana wa kumweleza, na aliye karibu zaidi ni msusi mwenye kopo la dawa. Nao wasusi wengi walijifunza kazi wakati ambapo kujua kuweka dawa na kubandika nywele za bandia ndiko kulikoitwa ujuzi.

Kwa hiyo neno langu liwaendee wale wanaofundisha. Vyuo vya ufundi vinavyotoa mafunzo ya ususi viweke nywele za kipilipili, bila dawa, kuwa somo la kwanza badala ya somo la ziada, na uzi urudi darasani. Wasusi, pimeni nywele za mteja zikiwa zimevutwa kabla ya kumshauri chochote, na mkiona dalili za ugonjwa mumwelekeze hospitali. Na mama mwenye binti anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, mkalishe chini likizo hii, mfundishe kuzifumbua, kuzisuka na kuzipima nywele zake mwenyewe, kabla hajafundishwa na mtu mwenye bidhaa ya kuuza.